Mwenye Mji na Sindano ya Wakuru

Mtoto akiwa na watu wawili wanaomlea, mmoja akasema ndiyo na mwingine akasema hapana, neno la nani ndilo la mzazi? Swali hilo lilininyima usingizi wiki nzima, na mimi ni mtu ambaye hata kuchagua daftari dukani kunaweza kunichosha. Nilikuwa na shahada ya sosholojia, sina ajira, najitolea kufundisha shule ya msingi ya kijiji kimoja upande wa Butiama. Wahudumu wa afya walikuwa wanakuja kuwachanja wasichana dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Mwalimu mkuu alitaka kila msichana awe na neno la mzazi wake kwanza, na kazi ya kuwaendea wazazi akanipa mimi, kwa sababu nilikuwa mwalimu wa kike peke yangu pale na kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, "Wewe Madam umesomea watu."

Wazazi wengi walikubali bila maneno mengi. Wachache waliuliza maswali, wakajibiwa, wakakubali. Akabaki Wakuru wa darasa la nne. Mama yake alisema ndiyo. Mwenye mji wao alisema hapana. Na mwenye mji huyo, mwanamke mzee mwenye fimbo na sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto, ndiye aliyekuwa mahali pa baba.

Kwetu Mara mji hauhitaji taa wala lami. Mji ni boma la mtu: nyumba zake, zizi lake, na watu wanaokula hapo. Mwenye mji huyo hakujaliwa kuzaa. Baada ya mume wake kufariki alitoa ng'ombe akaoa mwanamke kijana, kama mila inavyomruhusu mwanamke asiye na mtoto, ili nyumba yake isizimike. Wenyewe wanaiita nyumba ntobhu. Mwanamke yule kijana ndiye Mama Wakuru. Watoto anaowazaa ni wa mji. Mwanamume aliyewaleta hana kauli pale, na kumtaja mbele ya watu ni utovu wa adabu. Watoto walimwita mzee huyo Bibi, lakini penye posa, penye msiba, penye kugawa nyama, alisimama anaposimama baba, na hakuna aliyemsogeza.

Mimi nilimfahamu tangu mdogo. Mji wa mjomba wangu umepakana na wake, na sisi watoto wa Nyakato, pale Musoma, tulikuwa tunapelekwa huko likizo ili tusije tukakua bila kujua jembe. Siku ya kwanza aliniita penye zizi, akanitazama kuanzia viatu hadi utepe wa nywele.

"Wewe wa Nyakato, unajua kukamua au unajua kunywa tu?"

Nilisema najua kunywa. Alicheka mpaka akashika mgongo, akaniletea kikombe cha maziwa mgando. Tangu siku hiyo, hata nilipomaliza chuo, jina langu kwake lilibaki hilo: wewe wa Nyakato.

Kitu kilichonishangaza mapema kwake ni hodi. Alibisha hodi kila mahali. Alibisha hodi kwenye nyumba ya Mama Wakuru, nyumba aliyoijenga kwa mali yake, na akisikia kimya aliondoka. "Kimya cha mtu si ndiyo yake," alikuwa anasema. Alikohoa kabla ya kuingia walipolala ndama. Jirani akija kuazima jembe alimkuta ameketi karibu na jembe lenyewe, na bado alitaka aulizwe, kisha alinyamaza kidogo kama mtu anayepima, kisha ndipo aliposema chukua. Mjomba wangu alikuwa anasema kwamba kumwomba yule mama kitu ni kama kwenda benki, tofauti ni kwamba benki hawakupi maziwa.

Nilifikiri nimemwelewa: ni mtu wa ruhusa. Halafu nikaona jambo la mbuzi.

Asubuhi moja Mama Wakuru alikuwa anazunguka zizi anaita.

"Unamtafutaga nani kila siku humo?" Mwenye Mji akamuuliza kutoka kivulini.

"Mbuzi wangu yule mweusi, mama."

"Ameenda Bunda."

"Bunda? Ameenda kufanya nini?"

"Ameenda kuwa mchuzi."

Alikuwa amemuuza bila kumwambia mwenyewe. Mama Wakuru alisimama na kamba mkononi, akatazama juu, akatazama chini, akaenda kuchota maji. Mimi, ambaye wakati huo nilikuwa nimejaa mihadhara ya mwaka wa pili, nilimuuliza mzee kwa heshima zote: mbona wewe unapenda kuombwa, na mbuzi wa mwenzako hukuomba?

"Hodi ni ya mlangoni," alisema. "Zizi halina mlango."

Zizi lilikuwa na mlango. Ulikuwa wa miti ya mgunga, umefungwa kwa waya, na yeye mwenyewe aliuegemea wakati anasema hivyo. Niliutazama mlango ule kwa muda mrefu sana. Wiki iliyofuata alimnunulia Mama Wakuru mbuzi mwingine, mkubwa kuliko yule, na hakusema kwa nini. Alimfunga tu mlangoni kwa mwenzake, akabisha hodi, akaondoka.

Kuhusu watoto alikuwa mtu mwingine kabisa. Wakati Mama Wakuru ana mimba ya Wakuru, zahanati walikuwa na utaratibu kwamba mama anayekuja na mwenzi wake anahudumiwa kwanza, ili wanaume wazoee kuja kliniki. Mwenye Mji alisikia habari hiyo. Siku ya kliniki akavaa vitenge viwili vya sare, akashika fimbo, akaongozana na mke wake hadi mbele ya foleni. Hadithi hii alinisimulia Mama Wakuru mwenyewe, akiwa anafuta machozi ya kucheka.

"Mama, foleni iko nyuma," nesi akamwambia.

"Tangazo lenu linasema aliyekuja na baba apite kwanza."

"Ndiyo. Baba yuko wapi?"

"Unaongea naye."

Wajawazito wote kwenye benchi waliangua kicheko. Nesi alikuwa mtu wa Mara, alijifikiria kidogo, akasema, "Karibu, baba." Wakapimwa wa kwanza. Baada ya hapo hakukosa kliniki hata moja. Alibeba kadi ya mtoto ndani ya kitambaa kifuani, na mtoto akichomwa alisimama pembeni amekunja uso kama anayechomwa ni yeye. Surua, kifaduro, pepopunda, chanjo zote za utotoni Wakuru alizipata, na neno la kukubali lilikuwa la mzee huyu. Kwa hiyo mtu asije akaniambia kwamba alikuwa mshamba anayeogopa sindano. Mimi nilitamani iwe hivyo. Ingenirahisishia.

Nikiwa nimerudi kijijini kujitolea, walipita wahudumu wa matone ya polio, nyumba kwa nyumba. Aliwapokea, akawaita watoto mwenyewe, akawashika videvu mmoja mmoja wakati wa kupewa matone na kupakwa wino kidoleni. Wahudumu walipomaliza waliandika kwa chaki mlangoni, alama yao ya kujua nyumba imepitiwa. Hawajafika kwa mjomba, mzee amechukua maji na kitambaa, anafuta. Wakarudi mbio.

"Mama, usifute! Wakija wasimamizi watajua hapa hapajachanjwa."

"Waje. Watoto si wapo? Watawaona vidole vina wino."

"Sasa chaki ina ubaya gani?"

"Haina ubaya. Mtoto mliomba, nikawapa. Mlango hamkuomba."

Kijana mmoja wa kundi lile aliomba, nusu kwa utani. Akaruhusiwa. Akaandika upya, mahali pale pale, na mzee akamsifia mwandiko.

Basi mtu wa namna hiyo, nilipomwendea kuhusu sindano ya Wakuru, nilikwenda nimejiandaa. Nilikuwa nimeenda kwa nesi wa zahanati nikamuuliza kila kitu mpaka akaniuliza kama ninaandika kitabu. Nilibisha hodi. Niliomba. Nilieleza kwamba ni sindano moja, inachomwa begani, inamkinga msichana na kirusi kinacholeta saratani akiwa mtu mzima. Alinisikiliza akiwa anamenya muhogo.

"Wanachomwa wasichana tu?"

"Ndiyo, Bibi."

"Wavulana kwa nini hawachomwi?"

"Kwa sababu wao hawana mlango wa kizazi. Ugonjwa huu unashika hapo."

Kisu kikasimama. "Basi ndiyo hapo hapo ninaposema. Wanachezea hapo hapo."

Nikajua tumefika. Maneno yalikuwa yamezunguka mnadani na kanisani kwamba sindano ile inafunga uzazi. Nilimwambia nesi amesema si kweli, haigusi kizazi. Alisema nesi ni mtu mzuri, lakini nesi hakutoa ng'ombe. Nilirudi mara nyingine, na nyingine. Kila mara alinipa maziwa, na kila mara alisema hapana kwa upole, kama mtu anayemfunga mtoto vifungo vya shati.

Mama Wakuru aliniita kisimani. Yeye alikuwa na sababu yake. Dada yake mkubwa alikuwa amefariki kwa saratani hiyo hiyo. "Nilimwogesha mimi, Madam," alisema. "Ile harufu sijaisahau. Mimi ni mama yake Wakuru, nimesema ndiyo. Andika."

"Na Bibi akikasirika? Akikurudisha kwenu?"

Nilikuwa nimelifikiria hilo mpaka kichwa kinauma. Ndoa ile ikivunjika, yeye anaondoka, watoto wanabaki. Mtu aliyetoa ng'ombe ndiye mwenye watoto. Neno moja nililopokea mimi, msomi wa kupita, lingeweza kumtoa mama kwa mwanawe.

Alinyanyua ndoo akaiweka kichwani bila kushika. "Anifukuze, nani atamkamulia? Atanuna. Akinunaga anakula vizuri tu. Wewe usinifikirie sana, Madam, unanichosha."

Nilisoma Sheria ya Mtoto kwenye simu, nimeketi kwenye jiwe kubwa nyuma ya shule ambako mtandao unapatikana. Sheria inamtaja mzazi, inamtaja mlezi, inamtaja mtu anayekaa na mtoto na kumtunza, na chanjo inaihesabu kati ya mambo ambayo mtoto anawadai hao wote. Niliisoma tena na tena. Mama Wakuru alikuwemo. Mwenye Mji naye alikuwemo. Nilichotafuta hakikuwemo: wakibishana, nani anyamaze.

Nikampelekea mwalimu mkuu. Yeye ni mtu wa Lindi, mwema, ana haraka, na mila zetu huzitazama kama mtu anayetazama mpira wa timu asizozijua.

"Madam, unazunguka sana. Hawa wanawake wawili wanavutana, mtafute baba. Baba wa kuzaa, mwenye ndevu. Akisema yeye, tumemaliza."

Nilijua si adabu. Lakini nikiri pia kwamba nilitaka kumwona. Kila mtu kijijini alijua ni nani na hakuna aliyemtaja. Hata mjomba, nilipomwambia nimetumwa, alinielekeza kwa kidevu tu. Nikapanda gari hadi Bunda, nikaulizia mtaa wa Manyamanyama, nikamkuta kwenye kibanda chake anashona siti ya pikipiki. Alikuwa na masikio ya Wakuru. Nilishindwa kuacha kuyatazama.

Nilijieleza. Aliendelea kushona.

"Nani amekutuma?"

"Mwalimu mkuu."

"Mtu wa wapi huyo?"

"Lindi."

"Ndiyo maana." Akakata uzi kwa meno. "Dada, yule mtoto si wangu. Ni wa mji ule. Mimi leo nikisema ndiyo, kesho yule mama ataniuliza ng'ombe wangu waliingia zizi gani, nami sina la kujibu."

"Hata kama ni kwa faida yake?"

"Hata kama. Nikikubali nitakuwa nimeiba."

Mteja alikuja, wakapatana, akaondoka. Nikaaga. Nilipogeuka alisema, huku anapigapiga siti kuisawazisha, "Nina wasichana wawili hapa nyumbani. Wote wamechanjwa." Kisha akaongeza, "Lakini hilo sijasema."

"Kwa hiyo baba amekataa?" mwalimu mkuu aliniuliza.

"Hajakataa chanjo. Amekataa kuwa baba."

Alivua miwani akasugua macho. Akasema yeye anataka majina ya wasichana ambao mzazi amekubali, na nani ni mzazi, niamue mimi niliyepewa kazi. Wachanjaji walikuwa wanafika kesho yake.

Jioni hiyo nilikwenda kwa Mwenye Mji. Jua lilikuwa bado juu ya vile vilima vya mawe, ng'ombe ndiyo wanaingia. Habari za Manyamanyama zilikuwa zimenitangulia, zingewezaje zisinitangulie. Nilibisha hodi nikiwa mbali.

"Karibu, mpelelezi," alisema. "Alisemaje?"

"Alisema mtoto ni wa mji wako."

"Angalau ana akili." Akanisogezea kigoda. Hakuniletea maziwa. Nilikaa. Baadaye alikunja mkono wa gauni lake, akanionyesha kovu la duara begani, la zamani, limekunjamana kama kitovu.

"Hii ni ya ndui. Walikuja shuleni na gari, wakafunga mlango wa darasa. Mwanamume nisiyemjua akanibana kwa magoti, mwingine akachoma. Baba yangu alisikia jioni. Ndui sikuugua, ni kweli. Lakini baba alikaa nje siku hiyo hakula. Alisema wamemchanja mtoto wangu kama ndama wa mtu asiye na mwenyewe." Akashusha mkono wa gauni. "Wewe umechomwa hiyo ya wasichana?"

"Hapana, Bibi. Ilipofika, umri ulikuwa umenipita."

"Na hujazaa."

"Sijazaa."

"Basi niahidi. Niahidi Wakuru atazaa."

Nilikuwa na majibu mengi. Nilikuwa na kila alichonieleza nesi. Nilimtazama yule mama aliyetoa nusu ya zizi lake ili nyumba yake iwe na sauti ya mtoto, nikaona kila jibu nililobeba linajibu swali jingine.

"Siwezi kuahidi mtu yeyote atazaa," nilisema. "Naweza kusema tu kwamba sindano hii haitakuwa sababu."

 Ng'ombe wa mwisho akaingia, akajikuna kwenye mlango wa zizi.

"Mimi sikuchomwa kitu zaidi ya hiki," akasema, akigusa bega, "na sikuzaa." Alisema kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali. Nikadhani sasa atakubali. Moyo wangu ulikwishaanza kushukuru. "Lakini sijakubali, wewe wa Nyakato. Nikikubali, halafu akikaa bila mtoto, maisha yangu yote nitajua nilisema ndiyo. Usinitake nibebe hilo."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba siku zote hizo nilikuwa nazunguka nikitafuta mtu wa kunibebea neno lile. Sheria inibebee, fundi wa siti anibebee, mzee huyu anibebee. Na aliyekuwa tayari kulibeba alishanyanyua ndoo yake kisimani na kuniambia niandike.

Nikasimama. 

"Bibi, Mama Wakuru amesema ndiyo. Kesho nitalipokea neno lake. Wakuru atachanjwa. Nimeona usisikie kwa watu."

Aliniangalia muda mrefu, kichwa upande.

"Hujaniomba."

"Sijakuomba, Bibi. Nilikuomba siku zile, ukakataa, nikasikia. Leo nimekuja kusema."

"Na mimi nimekataa."

"Ndiyo. Nitasema hivyo hivyo, kwamba umekataa. Sitasema umekubali."

Ndani ya nyumba Mama Wakuru alikuwa ameacha kusugua sufuria. Mzee alichukua fimbo yake, akainuka kwa taabu, akaenda kulifunga zizi. Nilidhani tumeachana hivyo. Nikiwa nimeshafika njiani nikasikia sauti ile ya kuitia ng'ombe:

"Mama yake aende naye! Asishikwe na watu asiowajua!"

Asubuhi wasichana walipanga mstari nje ya darasa la nne, wanasukumana, wanatishana. Wakuru aliniuliza kama inauma kuliko kutoboa masikio. Nilimwambia sijui, akaniambia basi mimi mwalimu wa nini. Mama yake alikuwa nyuma yake, amemshika mabega, amevaa kitenge cha kwendea kanisani. Hakuniambia usiku wao ulikuwaje, na mimi sikuuliza. Mwenye Mji hakuja.

Zamu yao ikafika. Mchanjaji, dada mmoja aliyetoka mjini, alitazama karatasi yangu ya majina, akanitazama mimi.

"Huyu mbona jina lake lina alama? Mzazi amekubali au hajakubali?"

Mwalimu mkuu alikuwa amesimama mlangoni. Wote wakanigeukia.

"Mama yake ndiye huyu, amekubali," nilisema. "Bibi yake, ambaye kwa mila zetu ndiye baba, amekataa. Nimezungumza na wote wawili, na kila mmoja anajua mwenzake alichosema."

"Kwa hiyo?"

Mama Wakuru alikuwa tayari amekunja mkono wa sare ya mwanawe.

"Kwa hiyo mchanje," nikasema.